Gitaa la Besi: Jina la Kampuni, Kiwanda Lilikotengenezwa na Bei Unayotozwa

Gitaa la besi ni miongoni mwa bidhaa ghali ambazo watu wengi hununua kwa fedha zisizo zao peke yao. Kwaya huchanga kwa miezi, bendi hukata sehemu ya malipo ya kila onesho, shule hutenga kifungu katika bajeti ya vifaa. Kwa hiyo mtu anayetumwa dukani hubeba dhamana ya wengi, na mara nyingi hubeba pia jina moja aliloambiwa alitafute: Fender, Yamaha au Ibanez. Muuzaji naye hulijua jina hilo. Atalitoa gitaa ukutani na kusema, "Mwalimu, hii ni Fender ya Marekani kabisa," kisha atataja bei iliyo chini mno kwa gitaa la Marekani na iliyo juu mno kwa gitaa alilolishika mkononi.

Makala haya yanaeleza majina hayo yalikotoka, viwanda vilivyo nyuma yake, na namna ya kutambua unachouziwa. Yameandikwa kwa kumfikiria mlaji wa Mkuyuni na maeneo mengine ya Mwanza, ambaye kwa kawaida hupata gitaa la besi kwa njia tatu: katika duka la jijini, kwa kuagiza kifurushi kutoka Kariakoo na kukipokea stendi ya Nyegezi, au kwa kununua gitaa lililokwisha kutumika kutoka kwa kikundi kingine. Katika njia zote tatu kanuni ya msingi ni moja. Jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa humtaja mwenye alama ya biashara. Halisemi ni nani aliyelichonga, wapi, wala kwa mbao gani.

Fundi redio wa Fullerton

Kabla ya miaka ya 1950, mpiga besi alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Chombo chake kilikuwa fidla kubwa ya kusimamisha wima, kirefu kumzidi mwenyewe, kigumu kusafirisha, na sauti yake ilimezwa mara tu ngoma na tarumbeta zilipoanza. Watu kadhaa walijaribu kuitatua shida hiyo. Huko Seattle, Marekani, Paul Tutmarc aliuza besi ya umeme ya kushika kama gitaa tangu mwaka 1936, lakini haikuenea.

Aliyefaulu ni Leo Fender, ambaye hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio, na mwaka 1938 alifungua duka la matengenezo katika mji wa Fullerton, jimbo la California. Kutoka katika redio aliingia katika vikuza sauti, na kutoka huko katika magitaa. Mwishoni mwa mwaka 1951 alitoa besi aliyoiita Precision. Jina hilo lilitokana na vipande vya chuma vilivyopachikwa shingoni, ambavyo wapigaji wetu huviita freti: kidole kikikaa nyuma ya freti, noti hutoka sahihi, tofauti na fidla kubwa ambayo sikio na mazoea ya mkono ndivyo vilivyoamua. Mwili ulikuwa ubao mmoja mzito, na shingo ilifungwa kwa skrubu nne. Ikiharibika, inafunguliwa na kuwekwa nyingine. Hayo yalikuwa mawazo ya fundi wa matengenezo, na hadi leo ndiyo yanayofanya gitaa la muundo huo liwe rahisi kutengenezwa upya na fundi wa kawaida, hata asiyewahi kuona kiwanda.

Mwaka 1960 Fender alitoa besi ya pili, Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi upande wa kichwani: takriban milimita 38, ilhali ya Precision huwa kati ya milimita 41 na 44. Tofauti hiyo ndogo ina maana kwa mnunuzi. Kijana mwenye mkono mdogo, au mwalimu anayefundisha wanafunzi wa sekondari, atakuta Jazz Bass inachosha kidogo kuliko mwenzake. Besi nyingi zinazouzwa leo duniani kwa majina mengine hufuata umbo la mojawapo ya hizo mbili, na kufuata umbo peke yake hakulifanyi gitaa kuwa bandia. Bandia ni lile linalobeba jina lisilo lake.

Mwaka 1965 kampuni iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Katika miaka iliyofuata wapigaji wengi walilalamika kwamba ubora ulishuka, na malalamiko hayo yalifungua mlango kwa Wajapani, kama tutakavyoona. Mwaka 1985 kundi la watumishi na wawekezaji likiongozwa na William Schultz liliinunua kampuni kutoka CBS. Ununuzi huo haukujumuisha kiwanda cha Fullerton, hivyo kampuni ikaanza upya katika mji wa Corona, California, na mwaka 1987 ikafungua kiwanda kingine Ensenada, upande wa pili wa mpaka, nchini Mexico. Hadi leo Fender yenye jina la Fender hutoka hasa Corona, Ensenada na Japani. Hata hivyo si kila Fender imetoka katika nchi hizo tatu, na ndiyo maana maandishi ya nchi yapaswa kusomwa kwenye gitaa lenyewe.

Leo Fender mwenyewe hakustaafu. Alishiriki katika kampuni ya Music Man, iliyotoa besi ya StingRay mwaka 1976, mojawapo ya besi za kwanza kutengenezwa kwa wingi zikiwa na saketi ya kukuza sauti inayotumia betri ndani ya mwili wa gitaa. Baadaye akaanzisha G&L, akafanya kazi huko hadi alipofariki mwaka 1991. Music Man ilinunuliwa na kampuni ya Ernie Ball mwaka 1984. Gitaa la StingRay la Kimarekani ni ghali. Kampuni hiyohiyo ina jina la pili, Sterling by Music Man, kwa magitaa ya bei nafuu yanayotengenezwa Asia. Muuzaji akikutajia "Music Man" peke yake, mwombe asome maneno yote yaliyo kichwani mwa gitaa.

Squier si bandia

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, na wachuuzi wasio waaminifu hunufaika na mchanganyiko huo. Squier lilikuwa jina la kampuni ya Marekani iliyotengeneza nyuzi, nayo Fender iliinunua mwaka 1965. Mwaka 1982 jina hilo lilifufuliwa ili litumike kwenye magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Japani, na baadaye kazi ikahamia Korea, China na Indonesia. Squier ni mali halali ya Fender. Ni daraja la chini la nyumba moja, na kwa mwanafunzi au kwaya inayoanza mara nyingi ni ununuzi wa busara.

Tatizo ni pale jina la Squier linapofutwa kwa msasa na mahali pake pakabandikwa stika ya Fender. Gitaa ni lilelile, lakini bei imepanda mara mbili au tatu. Ni rahisi kuelewa kwa nini hufanyika. Besi ya Fender iliyotoka Corona, ikiwa mpya, huuzwa kwao kwa zaidi ya dola 1,500, yaani zaidi ya shilingi milioni 3 kabla hujahesabu usafiri na ushuru. Squier za ngazi ya chini huuzwa kwa chini ya dola 400. Basi kwaya ikiambiwa kwamba "Fender ya Marekani" mpya inapatikana kwa shilingi laki nane, na maelezo yakawa ni kwamba mwenyewe ana shida ya haraka, mweka hazina asiifikirie kwanza kuwa bahati.

Japani: kutoka kuiga hadi kuigwa

Kwa mkazi wa pwani ya Ziwa Victoria, jina Yamaha huleta kwanza mlio wa mashine ya mtumbwi katika mialo kama ya Kirumba. Mashine hiyo na gitaa vina asili moja, ingawa si kampuni moja tena. Torakusu Yamaha alitengeneza kinanda cha upepo mwaka 1887 huko Hamamatsu, na mwaka 1897 biashara yake ikasajiliwa kwa jina la Nippon Gakki. Ndiyo maana alama ya Yamaha ni vyombo vitatu vyenye umbo la uma, vile vinavyotumika kupimia sauti. Hata kwenye pikipiki alama hiyo imebaki ya muziki. Sehemu ya pikipiki ilitengwa kuwa kampuni yake mwaka 1955, na baadaye ikaingia katika mashine za boti. Kwa hiyo wakala wa mashine za mtumbwi hawajibiki kwa gitaa lako, na anayekuambia vinginevyo hajui au anakudanganya.

Yamaha ilianza kuuza magitaa ya umeme, pamoja na besi, mwaka 1966. Mfululizo wake wa BB ulianza mwaka 1977. Magitaa yake ya bei ya kati na ya chini hutengenezwa zaidi Indonesia, katika viwanda vya Yamaha yenyewe. Kwa mtazamo wa mlaji hilo lina uzito, kwa sababu kampuni inayosimamia kiwanda chake huwa na udhibiti wa karibu juu ya kila chombo kinachotoka, na tofauti kati ya gitaa moja na jingine la aina ileile huwa ndogo. Kwa kikundi kisicho na mtaalamu wa kukikagulia, Yamaha ya ngazi ya chini ni chaguo lenye hatari ndogo. Halina fahari ya Fender jukwaani, lakini noti zake hukaa mahali pake.

Historia ya Ibanez ni ya kufurahisha zaidi. Kampuni ya Hoshino Gakki ya Nagoya ilianza mwaka 1908 kama kitengo cha ala za muziki ndani ya duka la vitabu. Mwaka 1929 ikaanza kuagiza magitaa ya Salvador Ibáñez, fundi wa Valencia, Hispania, na baadaye ikalitumia jina hilo kwa magitaa yake yenyewe. Hivyo jina la Kihispania likaishia kwenye gitaa la Kijapani. Katika miaka ya 1970 Ibanez iliuza nakala za magitaa ya Kimarekani zilizokuwa nzuri kupita kiasi, hadi mwaka 1977 Norlin, kampuni iliyomiliki Gibson, ikaishitaki kwa kuiga umbo la kichwa cha gitaa. Shauri liliishia kwa makubaliano nje ya mahakama. Ibanez ikajitafutia maumbo yake, na mwaka 1987 ikatoa besi za mfululizo wa SR, nyepesi na zenye shingo nyembamba, ambazo leo zenyewe huigwa.

Fender nayo ilifanya jambo la hekima: badala ya kushindana na mafundi wa Japani tu, iliwaajiri. Mwaka 1982 ilianzisha Fender Japan kwa ubia na wafanyabiashara wa huko, na kazi ikapewa kiwanda cha FujiGen cha mji wa Matsumoto, ambacho kilikuwa kikitengeneza Ibanez pia. Mwaka 1985, kampuni ilipokuwa imenunuliwa bila kiwanda, sehemu kubwa ya magitaa yake ilitoka Japani. Kwa sababu hiyo Fender au Squier ya Japani ya miaka hiyo, ikipatikana katika hali nzuri, haina cha kuonea haya mbele ya ya Marekani ya wakati ule. Mlaji anayekutana na besi kuukuu yenye maandishi ya Japani asiidharau kwa kuwa si ya Marekani.

Kiwanda kimoja, majina mengi

Korea iliingia baada ya Japani, kisha Indonesia na China. Kampuni ya Cort, iliyoanzishwa Korea mwaka 1973, ni mfano bora wa jinsi biashara hii inavyofanya kazi. Cort huuza magitaa kwa jina lake, lakini pia hutengeneza kwa niaba ya wengine, na kiwanda chake cha Indonesia kimetengeneza Ibanez na Squier. Katika kiwanda cha namna hiyo mafundi na mashine huweza kuwa walewale. Kinachotofautiana ni mbao, sumaku, vyuma vya kukazia nyuzi, na muda ambao mteja mkubwa amelipia ili kila chombo kikaguliwe. Besi yenye jina la Cort lenyewe mara nyingi huwa na vifaa vizuri kuliko yenye jina kubwa kwa bei ileile, kwa kuwa hulipii sifa. Ni maoni yetu, lakini yana msingi katika hesabu.

Yako pia majina ambayo historia yake humpa mlaji kipimo cha haraka. Rickenbacker hutengeneza magitaa yake California peke yake na haina daraja la bei nafuu. Ukiona "Rickenbacker" yenye maandishi ya China au Indonesia, au mpya kwa bei ya Squier, hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo. Höfner ya Ujerumani, inayojulikana kwa besi yenye umbo la fidla iliyotolewa mwaka 1956 na kupata umaarufu mkononi mwa Paul McCartney, ina besi za Kijerumani za bei kubwa na besi halali za kutoka China ziitwazo Ignition. Warwick, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1982, hutumia jina RockBass kwa magitaa yake ya China. Katika mifano hii miwili ya mwisho, gitaa la China ni halali. Udanganyifu huanza pale linapouzwa kwa bei na maelezo ya lile la Ujerumani.

Neno moja kuhusu mbao. Mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya miti yote ya jenasi ya Dalbergia iliwekewa masharti, na kampuni kadhaa zikabadilisha mbao za ubao wa vidole, yaani uso wa shingo unaobonyezwa. Fender za Mexico zikaanza kutumia mti uitwao pau ferro, na Squier zikatumia mlaureli wa India. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika masharti hayo. Mpingo wetu ni wa jenasi hiyohiyo, nao husafirishwa kwenda kutengeneza zumari za Ulaya. Kwa mnunuzi, rangi hafifu ya ubao wa vidole katika gitaa la miaka hiyo si dalili ya ubandia.

Kusoma alama

Geuza gitaa. Nyuma ya kichwa, chini ya shingo, au kwenye bamba la chuma linaloshika skrubu nne, patakuwa na namba ya usajili na kwa kawaida nchi lilikotengenezwa. Katika Fender za sasa, namba zinazoanza na US ni za Marekani na zinazoanza na MX ni za Mexico. Katika Squier, herufi ICS huonesha Indonesia. Kwa Ibanez, herufi I mwanzoni huonesha Indonesia, na F huonesha kiwanda cha FujiGen. Herufi hizi hazithibitishi uhalali, kwa kuwa anayebandika jina anaweza pia kubandika namba. Nguvu yake iko katika kufichua mgongano: gitaa lenye jina la Fender mbele na herufi za ICS nyuma lina historia ambayo muuzaji anapaswa kuieleza. Fender ina ukurasa katika tovuti yake ambapo namba nyingi za usajili zinaweza kutafutwa. Dakika tano za bando ni gharama ndogo.

Angalia pia maneno yanayozunguka jina la nchi. "Designed in USA" maana yake ni kwamba michoro ilifanyika Marekani, na haisemi lolote kuhusu mahali gitaa lilipotengenezwa. "Crafted in Indonesia" maana yake ni lilitengenezwa Indonesia. Pitisha kidole juu ya jina. Likiwa na ukingo unaokwaruza, au rangi ya mbao chini yake ikawa tofauti na sehemu nyingine ya kichwa, kuna uwezekano jina lingine liliwahi kuwa hapo. Mahali palipopigwa msasa nyuma ya kichwa, pasipo na namba yoyote, ni sababu ya kutosha ya kulirudisha gitaa ukutani.

Kulikagua kabla ya kulipa

Historia ya kampuni haitasaidia ikiwa shingo imepinda. Gitaa linaweza kuwa la Corona kweli na likawa limeharibika, na gitaa lisilo na jina likawa zima. Kwa hiyo ukaguzi wa chombo chenyewe ndio wenye uamuzi wa mwisho.

Tazama shingo kutoka upande wa kichwa, jicho moja likiwa limefumbwa, kama seremala anavyotazama ubao. Kupinda kidogo kwa ndani ni kawaida, kwa kuwa nyuzi huvuta, na fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo huweza kurekebisha kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Omba muuzaji akuoneshe kwamba fimbo hiyo inageuka. Ikiwa imeganda au nati yake imelika, shingo hiyo haina tiba rahisi. Shingo iliyojipinda kama kamba, upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini, iachwe. Hili ni muhimu zaidi kwetu tulio karibu na ziwa, ambako mbao iliyokaushwa vibaya huendelea kubadilika kadiri unyevu unavyopanda na kushuka, na nyuzi na skrubu hushika kutu mapema.

Piga kila uzi katika kila freti, polepole, bila kuunganisha umeme. Sauti ya kugongagonga katika freti moja tu huashiria freti iliyoinuka. Kisha gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, usikilize noti, halafu ubonyeze hapohapo na usikilize tena. Noti hizo mbili zinapaswa kulingana. Zikitofautiana, jaribu kwanza kurekebisha vipande vya daraja, sehemu ya chuma inayoshika nyuzi kwenye mwili. Ikishindikana, gitaa hilo halitapatana na kinanda cha kanisa hata lifanyweje, na waimbaji ndio watakaolaumiwa.

Unganisha umeme mwishoni. Zungusha vitufe vyote: mikwaruzo midogo husafishika, lakini sauti inayokatika huhitaji fundi. Jaribu kila pikapu peke yake (kwa wapigaji, pikapu ni sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, si gari la mizigo). Ikiwa gitaa hutumia betri, litakuwa na kifuniko kidogo mgongoni. Uliza betri ya volti 9 iliwekwa lini, kwani betri dhaifu hulifanya gitaa zima lionekane bovu, na muuzaji wa gitaa bovu kweli hupenda kuisingizia betri. Sikiliza kupitia spika inayofaa. Uzi mnene wa besi, E, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, sauti ambayo spika ndogo ya dukani haiwezi kuitoa. Ukiisikia nyembamba, huenda gitaa halina kosa. Na ukinunua gitaa bila kufikiria spika, kikundi kitajikuta kinachanga tena.

Ukiagiza kutoka Dar es Salaam, usitume fedha yote kwa picha. Tafuta mpigaji au ndugu aliyeko huko alikague, apige picha za namba ya usajili na nyuma ya kichwa, na picha hizo ziwe ndizo rejea yako siku ya kufungua kifurushi Nyegezi. Fungua mbele ya wakala wa basi.

Risiti kwa jina la kikundi

Wazee waliocheza dansi wanakumbuka kwamba katika bendi nyingi za zamani vyombo havikuwa vya wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na mpigaji aliyehama aliondoka na vidole vyake tu. Utaratibu huo ulikuwa na uchungu wake, lakini kila mtu alijua gitaa ni la nani. Katika vikundi vya leo mgogoro huanza pale gitaa lililochangiwa na watu 30 linapokuwa na risiti ya jina la mtu mmoja, naye akahama usharika. Dai risiti ya mashine ya EFD, ambayo ni wajibu wako kisheria, na iandikwe jina la kikundi. Iandikwe pia jina la kampuni, aina, nchi lilikotengenezwa na namba ya usajili. Muuzaji anayekataa kuandika kwa kalamu yale aliyoyasema kwa mdomo amekwisha kujibu swali lako.

Maandishi hayo ndiyo nguvu yako baadaye. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 hukataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na kudai kwamba gitaa la Indonesia limetoka Marekani ni upotoshaji wa namna hiyo. Kubandika jina la kampuni kwenye bidhaa isiyo yake ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC).

Ukigundua umeuziwa gitaa lisilolingana na maelezo, acha kulitumia na usilifungue wala kulipaka rangi. Rudi kwa muuzaji haraka ukiwa na risiti na shahidi mmoja, ueleze kasoro, na utaje unachodai: kurudishiwa fedha, kubadilishiwa, au kupunguziwa bei hadi ile ya gitaa ulilopewa kweli. Akikataa, andika malalamiko kwa Tume ukiambatisha nakala ya risiti, picha za kichwa cha gitaa mbele na nyuma, na ujumbe wowote wa simu ambamo muuzaji alilielezea. Risiti halisi ibaki kwa mweka hazina.